Mwandiko wa Shemeji

"Kampuni ni yangu, mama! Nilianza kufyatua matofali kwa mikono hii hii," fundi aliyeketi mbele yangu kwenye basi alimwambia mama wa pembeni yake. "Ila fomu za usajili alijaza shemeji, maana ana mwandiko mzuri. Kumbe kajiandikia hisa tisini kati ya mia."

"Na wewe ukatia sahihi bila kusoma?"

"Mtu wa nyumbani utamkaguaje?"

Mwandiko huo, nikawaza, lazima uwe mzuri kweli.

"Tafuta wakili, baba."

"Ninaye! Kanitafutia mke wangu. Kesi ni leo."

Basi likasimama mbele ya mahakama, mvua ikinyesha. Fundi akanyoosha kidole dirishani. "Yule pale, mwenye joho."

"Na anayemshikia mwavuli?"

"Ndiye shemeji mwenyewe," akasema fundi, akishuka. "Ana roho nzuri, hataki wakili wangu alowe."