Mtafutaji wa Mameneja: Maisha ya Evanson Mbaluka Nyamai

Marehemu Evanson Mbaluka Nyamai alizaliwa tarehe 14 Mei 1967 huko Matinyani, Kitui, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Nyamai Kisilu na marehemu Mama Nduku. Mwaitu Nduku, kama tunavyomwita mama kwa Kikamba, alikuwa akisema kwamba huyu alianza kutembea kabla hajajua kukaa.

Alisomea Matinyani, akaendelea na sekondari mjini Kitui, kisha akahitimu shahada ya biashara Nairobi mwaka 1991. Alifanya kazi katika idara za wafanyakazi za kampuni mbalimbali, hadi mwaka 2014 alipofungua ofisi yake mjini Wote. Kampuni ikikosa mkurugenzi au meneja mkuu, yeye ndiye aliyetumwa kumtafuta.

Tarehe 9 Desemba 1995 alifunga ndoa kanisani na Eunice Muthoki wa Zombe. Siku ya kujitambulisha, baba mkwe alimuuliza ana kasoro gani. Wazee waliomsindikiza walitegemea aseme hana.

"Mzee, siwezi kutulia," alijibu. "Hata hapa nimejizuia sana."

Mzee alicheka, akamruhusu ainuke akaangalie mbuzi.

Mwaka 2017 kiwanda kimoja cha Makueni kilimpa kazi ya kutafuta meneja mkuu. Alimpata Bi. Ndunge, aliyesimamia hoteli Mtito Andei, naye akawa tayari kuacha kazi na kuwahamisha watoto shule. Ndipo mkurugenzi wa kiwanda, Bwana Muthama, alipomdokezea kwamba meneja wa awali aliondoka kwa kukataa kutia sahihi kuwa majitaka yaliyomwagwa mtoni ni safi. Akaomba Ndunge asiambiwe hadi aanze kazi.

Evanson alikosa raha. Siri ya mteja ni siri, lakini Ndunge alikuwa amemwamini. Alizunguka boma hadi Muthoki akamwambia ama aseme ama akae chini. Alirudi kwa Muthama, akamtaka amweleze Ndunge ukweli wote. Muthama alikataa, akamkumbusha ni nani anayemlisha. Evanson akajitoa, akaendesha gari moja kwa moja hadi Mtito Andei.

"Usiage kazini kwanza," alimwambia Ndunge. "Mimi nimejitoa. Sababu si yangu kusema. Waulize wenyewe kwa nini aliyekutangulia aliondoka."

Ndunge aliuliza, akazungushwa, akabaki hotelini. Alimkasirikia Evanson muda mrefu, akidhani amemnyima nafasi. Kiwanda kilihamia kwa mshauri mwingine, na wateja kadhaa wakafuata.

Mwaka 2022 kiwanda kilifungwa kwa kuchafua mto. Meneja aliyechukuliwa badala ya Ndunge, Bwana Gathua, ndiye aliyekuwa ametia sahihi, akahukumiwa kulipa faini. Ndunge alipiga simu kushukuru. Evanson hakufurahi. "Nilimwonya mmoja," alimwambia Muthoki, "yule mwingine nikamwacha aingie."

Akamtafuta Gathua, akaanza kumwombea kazi bila malipo. Kwa idhini ya Gathua, kila mwajiri alielezwa kesi ile mwanzo kabisa, kabla ya sifa nyingine. Wengi walikata simu.

Novemba 2024 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo. Alilazwa Kitui, ambako wauguzi walimrudisha kitandani mara nyingi wakimkuta kwenye korido na simu sikioni. Asubuhi ya tarehe 11 Machi 2025 alimwita bintiye Nduku, anayefanya kazi ofisini mwake.

"Gathua hajapata," alisema. "Ukimwombea, usifiche kitu."

Alifariki alasiri ya siku hiyo, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane Eunice Muthoki, watoto wawili, Nduku na Kiema, mjukuu mmoja, na dada zake Ndunge na Kaveke, huyo Ndunge akiwa si yule wa Mtito Andei, ingawa naye yuko nasi hapa leo. Bwana Gathua pia amekuja. Bado hana kazi. Nduku ana miadi na mwajiri mmoja kwa ajili yake wiki ijayo.

Baba, lala kwa amani ya Bwana. Simu hizo tutazipiga sisi.