Mguu Uliochukua Kazi ya Mkono

Shikamooni wazee wangu, na wengine habari za asubuhi. Mimi si msemaji, nitaeleza tu yaliyonipata.

Nimeendesha bodaboda hapa Igawa miaka tisa. Halafu msimu mmoja wa mavuno nikaenda Madibira kusaidia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mkanda ukaukamata mkono wangu wa kushoto. Vilibaki vidole viwili, hivi mnavyoviona. Na klachi ya pikipiki, ile inayokata nguvu ya injini ubadilishe gia, ndugu zangu, inabanwa kwa mkono wa kushoto. Nikauza pikipiki nikakaa nyumbani, mtu mzima, nalishwa na mama yangu.

Dada yangu aliyeko Iringa akanitafutia pikipiki ndogo isiyo na mkono wa klachi. Gia unakanyaga tu. Nikafurahi mno! Lakini kila nikibadilisha gia, inaruka. Mama mmoja niliyempakia alinigonga helmeti kwa helmeti mpaka akateremka njiani. Pale kijiweni wenzangu wakaanza kuniita Chura. Nawaambia ukweli, niliifunika pikipiki turubai nikaiacha.

Kisha mama akafanyiwa upasuaji wa tumbo. Siku ya kurudi kliniki nikamwambia nitampeleka. Akanitazama. "Mwanangu, ukinirusha, mshono utafumuka. Nitatembea."

Alitembea kweli, ameshika tumbo. Sikulala vizuri wiki ile.

Nikaenda Mwanjelwa kwa fundi mmoja, mwanamke, nikamwambia pikipiki ni mbovu. Akaipanda, akazunguka nayo mara moja, akarudi. "Kaka, pikipiki nzima. Mbovu ni mguu wako."

Nikanuna. Miaka tisa barabarani!

"Sikiliza," akasema. "Hapa mguu ndio klachi. Ukikanyaga gia, klachi imekata. Ukiachia, imeshika. Wewe unakanyaga na kuachia kama umekanyaga kaa la moto. Punguza mafuta, kanyaga, usiondoe mguu, kisha uachie taratibu. Ukishusha gia, ongeza mafuta kidogo kabla ya kuachia."

Akapanda nyuma yangu. Tulizunguka mchana mzima. Nikikosea anasema neno moja tu: "Tena." Jioni aliacha kulisema.

Kliniki iliyofuata nilimwomba mama tena. Akapanda, mikono yote miwili imenikamata kiuno. Tukafika kwenye mteremko wa darajani, akaniambia kwa hofu, "Mbona hubadilishi gia?"

Nilikuwa nimeshabadilisha mara nne.



Leo nimerudi kijiweni, na jina la Chura limekufa lenyewe. Ninachowaambia ni hiki: mimi kilichonichelewesha ni aibu, na kudhani kazi yangu naijua yote. Kama kiungo chako kimekataa kazi ya zamani, tafuta anayejua njia nyingine, ukubali kufundishwa kuanzia mwanzo kabisa.

Namshukuru dada yangu. Namshukuru fundi yule, aliyeniambia bila kunionea huruma. Na zaidi namshukuru mama, yule pale nyuma, aliyekubali kuniamini huku mshono wake haujapona.