Severina wa Kwenye Sarafu

Benchi letu liko ukumbini mwa kanisa la Blaine, hapa Amerika, chini ya makoti. Ibada ya Kiingereza ikiisha na yetu ya Kiswahili haijaanza, tunakaa hapo na birika la kahawa. Jumapili hiyo Byamungu hakukaa. Alitembea toka mlangoni mpaka kwenye makoti, akarudi. Bintiye alikuwa abatizwe baada ya wimbo wa kwanza, kwa jina la marehemu mama yake Byamungu: Severina. Ndipo Zadock, Mkenya tunayemwita Gugo kwa kuwa kila kitu huuliza Google, akatoa simu.

– Buda, cheki. Severina alikuwa mke wa Kaisari wa Roma. Sura yake iko kwa sarafu.

– Roma ile ya simba? Byamungu aliuliza. Ya kutafuna Wakristo?

– Hiyo hiyo.

– Mungu wangu! Nimpelekee mchungaji jina la mfuga simba?

– Tulia, papa, alisema Hategekimana. Yeye tunamwita Avoka, yaani wakili, maana hutetea watu bila kuombwa. – Hapa wameandika nini? Severina AUG.

– Agosti, alisema Gugo.

– Na mtoto alizaliwa Agosti! Voilà, ni unabii!

– Ama ni tarehe ya ku-expire. Bwanake aliuawa na maofisa wake mwenyewe. Wengine wanasema mama akabaki ana-rule solo.

– Basi ni yeye aliyewatuma! Avoka alisema.

– Avoka, si wewe ndio unamtetea?

– Nimejitoa kwenye kesi.

– Na simba wa bwanake akawarithi yeye, Gugo aliongeza.

Byamungu akavaa koti, akavua, akaingiza tena mkono mmoja.

– Nitamwita Grâce. Basi.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Joyeuse, mkewe, na mtoto kifuani.

– Papa Severina, wimbo umeanza. Unaenda wapi na koti?

Tukamweleza wote kwa pamoja. Alisikiliza huku akimbembeleza mtoto.

– Huyo malkia alimfanyia nani ubaya?

Gugo alishuka na kidole mpaka mwisho wa ukurasa, akapanda tena. Avoka akainamisha birika, likatoa matone.

– Hawajaandika, Gugo alisema. Hata AUG kumbe ni Augusta, cheo cha malkia. Ni sarafu tu.

– Basi huyo simjui. Mama mkwe ndiye ninayemjua. Kule kambi ya wakimbizi, nilipokuwa na homa, alinifunika kitenge chake, yeye akalala na baridi. Shika mtoto.

Byamungu aliingia ibadani na mtoto, koti limening'inia bega moja. Tukiwa bado kwenye benchi tukamsikia akilitaja jina la mama yake kwa sauti kubwa, kabla mchungaji hajauliza.