Bahasha Iliyorudi Dobersgrün

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Jumatatu iliyopita aliaga dunia Bi Irmtraud Pöhlmann, karani wa posta wa hapa kwetu Dobersgrün. Alikuwa na miaka themanini na sita. Karani wa posta, na mkusanyaji wa stempu. Wengi mlimjua dirishani. Wengine mlimjua kwenye chama cha stempu, Jumapili asubuhi, kioo cha kukuzia mkononi na kahawa ikimpoa pembeni.

Alianza akiwa na miaka tisa. Baba yake alimpa bahasha za mwaka wa ishirini na tatu, karne iliyopita, enzi zile pesa ilipoporomoka na stempu zikagongwa bei ya mamilioni juu ya bei ya zamani. Irmtraud akaziloweka ili stempu zibanduke, kwenye sahani zote sita za supu za nyumbani. Siku hiyo, binti yake Heidrun anatuambia, familia nzima ilikula supu kwenye vikombe.

Lakini leo nataka kuwasimulia habari ya bahasha moja.

Ilikuwa mwaka wa tisini na moja. Mpaka kati ya Ujerumani ya Magharibi na ya Mashariki umeshafunguliwa. Kwenye chama, Bi Irmtraud alinunua boksi la bahasha kuukuu, na ndani yake akakuta barua ya mwaka sitini na tano, iliyotoka hapa Dobersgrün kwenda Plauen, upande wa mashariki. Juu yake pameandikwa: Irudishwe. Na barua ilikuwa bado imefungwa. Haijawahi kufunguliwa.

Mwenyekiti wa chama, Bwana Gebhard Zapf, alipoiona alikaa chini. Akamwambia asithubutu kuifungua. Ikibaki hivyo ni hazina, ikifunguliwa ni karatasi.

Bi Irmtraud hakumsikia. Alikuwa anatazama muhuri wa posta. Kwenye muhuri palikuwa na herufi c, na herufi c ilikuwa ya dirisha lake. Stempu ile aliiuza yeye.

Wakusanyaji wanaijua vizuri stempu hiyo. Ilitolewa kuwakumbuka watu waliofukuzwa makwao baada ya vita, na serikali ya mashariki haikutaka kuiona. Barua nyingi zilizoibeba zilirudishwa. Bi Irmtraud alikumbuka kwamba siku zile alikuwa na karatasi mpya ya stempu hizo, akamwuzia kila aliyekuja, ili mradi iishe.

Nyuma ya bahasha palikuwa na jina la mwandishi, Lore Degenkolb. Alikuwa bado hai, mtaa wa pili tu. Boksi aliliuza mwenyewe alipohamia nyumba ndogo. Bi Irmtraud akaenda kumbishia hodi.

"Hiyo barua nilimwandikia kaka yangu Siegmar," Lore alimwambia. "Akairudisha bila kuifungua. Basi nikanyamaza."

"Si yeye, Bi Degenkolb. Ni stempu. Hata mlangoni kwake haikufika. Na stempu nilikuuzia mimi."

Lore aliigeuza bahasha mkononi, akamrudishia. Kisha akasema, "Basi mpelekee."

Bwana Zapf alijaribu mara ya mwisho kumzuia. Bi Irmtraud akamjibu, "Tulichonunua ni bahasha, Gebhard. Barua ina mwenyewe." Kesho yake akapanda treni pamoja na Heidrun, barua ikiwa katikati ya kadibodi mbili ngumu.

Siegmar Degenkolb, fundi wa mashine za lesi, aliwapokea mlangoni bila kuwakaribisha. Alipoona mwandiko, akarudi nyuma na kuacha mlango wazi. Bi Irmtraud alimweleza yote, na kosa lake hakulificha. Siegmar akachukua kisu cha jikoni, akaichana bahasha taratibu.

Alisoma akiwa amesimama. Heidrun anakumbuka maneno aliyoyarudia kwa sauti: "Mtoto wa kiume. Amempa jina langu." Kisha akauliza, "Treni ya kurudi ni saa ngapi?" Alikuwa ameshachukua koti.

Jioni hiyo Lore alimfungulia mlango kaka yake. Bi Irmtraud hakungoja kuona. Alisema mambo ya pale hayakuwa ya karani.

Tangu hapo, wasikilizaji wapendwa, Bi Irmtraud aliacha kukusanya barua zilizofungwa. Alizitafutia wenyewe. Miaka thelathini, barua kumi na moja zilifika. Bwana Zapf mwenyewe aliendesha gari mara nne, akilalamika njia nzima.

Ijumaa, jeneza lake lilibebwa na watu sita. Mmoja wao anaitwa Siegmar, mtoto yule wa kwenye barua, ambaye leo ana mvi.

Heidrun, wewe na wanao, poleni sana. Poleni wanachama. Mungu awape nguvu.

Nanyi mnaosikiliza: huenda yupo mtu mliyeachana naye kwa sababu alinyamaza. Miaka ishirini na sita Lore aliamini amekataliwa, kumbe hakuna aliyemkataa. Muulizeni mtu huyo. Leo, kabla ya chakula cha jioni.