Kulthumu Shabani, Fundi Aliyesimamisha Msafara wa Harusi

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, Mama Kulthumu Shabani anavua ovaroli yake ya buluu na kustaafu rasmi, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi katika Karakana ya Tujengane hapa Gitega na katika tawi letu la Muyinga. Sisi sote tunamwita Mama Layla. Wateja wa Giheta, Gishubi na Bugendana wanamjua kwa jina hilo tu, na wapo ambao leo ndiyo mara ya kwanza wanasikia kwamba anaitwa Kulthumu.

Alizaliwa Muyinga katika familia ya mafundi. Baba yake alitengeneza baiskeli karibu na msikiti, na binti huyu, badala ya kwenda kujifunza kushona pamoja na dada zake, akashika pampu. Alipoolewa Gitega alikuja kuomba kazi kwetu, akapewa ya kujaza upepo kwenye matairi, akiambiwa kwamba ni ya muda tu. Muda huo ndio unaisha Ijumaa.

Wanaomfahamu wanajua hasira zake. Mama Layla humsalimia mteja vizuri, humuulizia watoto, kisha humgombeza kuhusu matairi yake. Hakuna kinachomuudhi kama mtu anayepima upepo kwa kulipiga tairi teke. Huwa anamuuliza kama daktari naye humpiga mgonjwa teke ili ajue homa imefika wapi. Mimi, Jeska wa mapokezi, nimewaona wakubwa wa ofisi wakirudisha mguu nyuma polepole huku wakitazama pembeni.

Magari yaliyotumika yalipoanza kutufikia yakiwa na sensa, yaani vifaa vidogo vya kupima upepo, ndani ya magurudumu, karakana nzima ilipata kazi ya kukuna kichwa. Taa ya manjano iliwaka kwenye dashibodi, mafundi wakajaza upepo, taa ikaendelea kuwaka. Madereva walichoka nayo, wakaibandika plasta ya kidonda. Mama Layla alizibandua plasta hizo moja baada ya nyingine. Aliwaeleza watu kwamba sensa ina betri yake ndogo iliyofungiwa ndani, na gari likizeeka betri nayo hufa. Haibadilishwi peke yake. Inatolewa sensa nzima, inawekwa mpya pamoja na mpira wake, kisha kompyuta ya gari inafundishwa kuitambua.

Hakuyajua hayo kwa kuzaliwa. Sensa ya kwanza aliyoigusa aliivunja, kwa sababu aliingiza chuma cha kufungulia tairi pale pale kwenye valvu, tundu la kujazia upepo, ambako sensa ilikuwa imejificha. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kufungua tairi mbele yake bila kumwonyesha kwanza kwa kidole sensa iko upande gani. Ndiye pia aliyetufundisha kuitazama taa vizuri. Ikiwaka na kutulia, kuna gurudumu lililopungukiwa upepo. Ikianza kwa kupepesa, kuna sensa ambayo gari linaiita na haiitikii.

Sasa nifike kwenye habari ambayo kila mtu ameniomba nisiisahau.

Miaka sita iliyopita Layla, binti yake wa pekee, aliolewa Muyinga. Karakana ilimwazima mama gari letu la zamani, lile jeupe, limbebe bibi harusi. Wiki hiyo Mama Layla alilibadilishia sensa zote kwa mkono wake, pamoja na ya tairi la akiba, maana gari lile linahesabu magurudumu matano. Alilizungusha mjini mpaka taa ikazimika, akatangaza mbele yetu sote kwamba taa ile haitawaka tena. Tulimpigia makofi.

Kwa akina Mama Layla kuna desturi inayoheshimiwa sana: gari la bibi harusi linaongoza msafara, na likishatoka kwao halisimami mpaka lifike kwa mume. Kusimama njiani ni mkosi. Shangazi yake Layla, Bi Shakila, ndiye mlinzi wa desturi hiyo, na siku ile alikaa nyuma pamoja na bibi harusi. Mama Layla alikaa mbele, na dereva wetu Crispin akashika usukani. Mimi nilikuwa kwenye gari la pili, nikiimba mpaka sauti inakauka.

Hatujafika Karuzi, taa ya manjano ikaanza kupepesa.

Mnaweza kuuona mtihani wake. Kama sensa zake ndizo mbovu, amejiaibisha mbele ya ukoo mzima katika kazi anayojivunia. Kama kuna tatizo la kweli na akanyamaza, ndani ya gari ni mwanawe. Na akisimamisha, shangazi atamlaumu kila ndoa hiyo itakapopata mafua. Alimwambia Crispin asimame.

Msafara mzima ukasimama nyuma yake, na honi zikaanza. Bi Shakila aliteremsha kioo, akapaza sauti: "Kulthumu! Gari ya bibi harusi haisimamaka njiani! Hiyo taa yako iko inasema uongo, twende!"

Mama Layla alikuwa amekwisha shuka. Akiwa na kitenge chake cha harusi alichuchumaa kwenye kila gurudumu na kipima upepo, na magurudumu yote manne yalikuwa sawa kabisa. Hapo nilimwona akisimama ameshika kiuno, na nawaambia ukweli, uso wake uliniumiza. Alidhani ameshindwa, tena siku ya harusi ya mtoto wake.

Ndipo alipomwona Crispin anatazama milima kwa bidii isiyo ya kawaida.

"Crispin," alimwita taratibu. "Spea iko wapi?"

"Mais, Mama Layla," Crispin akaanza kujikuna shingo, Kifaransa kikimtoka, "si niliitoa asubuhi. Ni sababu ya makreti ya soda, yalikataa kuingia. Nikaona, donc, leo ni harusi, nani atapata pancha siku ya harusi?"

Tairi la akiba lilikuwa Gitega, limeegemezwa ukutani kwa Bi Shakila, na mahali pake kulikuwa na soda za wakwe. Sensa zilikuwa nzima. Gari lilikuwa linaita gurudumu lake la tano tangu tulipoondoka, nalo halikuitika.

Watu walicheka, wakapumua, wakaanza kurudi kwenye magari. Mama Layla akasema haendi popote. Njia ya milima yote ile, mtoto wake ndani, bila spea? Akampigia simu Uthmani aliyekuwa zamu karakana, alete tairi kwa pikipiki. Wajomba walimsihi. Bi Shakila alitaja mkosi, akawataja wakwe waliokwisha pakua chakula, akamtaja hata marehemu bibi yao. Lakini ufunguo wa gari ulikuwa mkononi mwa Mama Layla.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Layla akashuka na shela lake na hina yake, akaomba ashushiwe kreti moja, akazitoa soda zake, akaligeuza, akakaa juu yake kando ya barabara.

"Mama, mi naweza ngoja," alisema. "We fanya kazi yako."

Hakuna aliyebishana tena. Soda zilifunguliwa, nyimbo zikahamia barabarani, na watu wa kilima kile wakashuka kuona ni harusi gani hii inayofanyika kwenye kona. Uthmani alipotokea juu ya pikipiki, amelikumbatia tairi, alishangiliwa kuliko bwana harusi. Lilipofungwa mahali pake tukaondoka, na baada ya mwendo mfupi taa ikazimika. Tulifika Muyinga tumechelewa, wali umepoa, wakwe wamenuna kidogo. Hakuna tairi lililotoboka siku ile. Mama Layla anaulizwa mpaka leo kama hakuona haya kuwasimamisha watu bure, na anajibu kwamba hivyo ndivyo safari nzuri inavyokuwa.

Mwaka uliofuata alipendekeza tufungue tawi Muyinga, akatoa sababu nyingi za kibiashara. Hakuna aliyedanganyika, lakini tawi lilifunguliwa na linafanya vizuri. Mafundi wa matairi wanaofanya kazi huko leo wamepita mikononi mwake, na Crispin, ambaye hajasamehewa rasmi, hukagua tairi la akiba kabla hata ya kuwasha gari.

Mwezi uliopita Layla na mumewe walikuja karakana bila kutuarifu, wamevaa nguo za sikukuu, wakiwa na wazee wawili. Waliomba kukaa na mkurugenzi wetu, Longino. Mzee mmoja akasimama na kuanza maneno yale yale yanayosemwa watu wanapokwenda kuposa: kwamba wameona katika nyumba hii kuna mtu mwema, na wamekuja kwa heshima kuomba wapewe, akaishi kwao. Longino alicheka kwanza. Baadaye akaomba dakika chache, akatoka nje kufuta miwani.

Layla naye alisema neno moja tu. "Mlikaa naye myaka mingi. Sasa ni zamu yetu."

Tulijadiliana kama ukoo unavyojadiliana, tukaringa kidogo kama inavyopasa, na tumekubali. Mama Layla anahamia Muyinga. Mama, tunakushukuru kwa mikono yako, kwa kutugombeza, na kwa kila mtu aliyefika kwake salama bila kujua kwamba ni wewe. Uwe na afya, upumzike, ule wali wa moto. Wakwe wa Muyinga, huyu ni mtoto wetu. Mtunzeni.