Sanduku la Siri Dukani kwa Munene

Treni ya asubuhi ilikuwa imepita Donholm Nyawira alipotambua kwamba mzee na mama waliokaa mbele yake, watu wasiojuana, walikuwa wakizungumzia mtaa wake mwenyewe.

"Si chifu alituletea sanduku la siri?" mzee alisema. "Ukimjua anayeuza dawa za kulevya, unaandika jina, unatumbukiza. Likawekwa dukani kwa Munene, kwa sababu ana kamera. Pale haliwezi kuibiwa."

"Na hizo dawa, mzee, zinauzwa wapi?"

"Kwa Munene."

Nyawira akauma midomo asicheke. "Na ufunguo?" mama akauliza.

"Anao Munene. Si ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama? Juzi chifu alilifungua barazani, akakuta ni tupu, akatangaza mtaa wetu hauna dawa hata kidogo. Tukapiga makofi."

"Mkapiga?"

"Munene alikuwa amekaa mbele, anatuangalia. Wewe ungefanya nini?"

Nyawira naye siku hiyo alipiga makofi. Kicheko kikamwisha. Mwanawe Sydney huenda kwenye duka hilo kila jioni akisema anafuata mkate, na hajawahi kurudi nao. Akainama mbele, awaulize kama kuna mahali pengine mtu anaweza kupeleka jina. Walipomwona amesogea, wakatazamana.

"Lakini usalama siku hizi uko sawa," mzee akasema kwa sauti.

"Sawa kabisa," mama akaitikia haraka.

Treni ikasimama Makadara. Walikuwa bado wanamtazama, wanangoja.

"Sawa kabisa," Nyawira akasema.