Mbwa wa Kuamshwa

Ndani ya basi, siti ya mbele yangu, fundi cherehani alimlalamikia mlinzi aliyevaa sare kwamba kwake hakukaliki. "Mume wangu anataka mbwa wa polisi, mama mkwe anataka kale kadogo ka manyoya. Kaka, nichukue yupi?"

"Kadogo, dada."

"Kamng'ate mwizi nini, soksi?"

"Kazini tunao wote wawili. Kadogo kanabweka, mimi naamka, halafu naenda kumwamsha mkubwa."

Fundi alikunja vidole viwili. Nadhani alikuwa anahesabu waliolala. "Basi bora mkubwa," akasema, "mwizi hatajua kama amelala."

Mlinzi alitaka kubisha, lakini basi lilisimama. Akashuka huku akipiga miayo, akaingia kwenye geti la shule ya bweni anakolala binti yangu.